Mtu Aliyesimama Chini ya Mnara

Jumamosi ile uwanja wa katikati ya Tirana ulikuwa umefurika. Wengine walitoka sokoni na mifuko ya zabibu na jibini, wengine walikuja kukaa tu kwenye jua la vuli na kutazama wapitao. Rovena Kodra alikuwa amesimika stendi ya kamera yake mbele ya mnara mpya, ule mweupe uliojipinda ubavuni kama shuka linalopeperushwa na upepo, naye akingoja mawingu. Alivaa koti refu jeusi, suruali nyeusi na viatu vyeusi. Rafiki yake Kozeta alizoea kumwambia kwamba anavaa kama picha zake.

Picha zake zilikuwa za majengo mapya, na zote nyeusi na nyeupe. Rangi, alisema, zinapiga kelele. Ukiziondoa ndipo unapoliona jengo lilivyo. Mbele ya lenzi aliweka kioo cheusi ili mwanga uingie kidogo kidogo, na kwa muda wote ambao kamera ilikuwa wazi, kila kilichotembea kilifutika. Mawingu yalivutika yakawa michirizi, magari yakapotea, watu wakageuka moshi. Likabaki jengo peke yake na mbingu nyeusi. Ukimya huo ndio aliokuwa akiutafuta.

Mawingu yalipofika, akafungua kamera. Na hapo hapo mwanamume mmoja akaja, akasimama katikati ya picha.

Alikuwa na koti la kahawia na skafu ya kijani iliyofumwa kwa mkono, kakumbatia mfuko wa karatasi. Akainua uso kuutazama mnara. Rovena alingoja apite. Watu walimzunguka, watoto wa baiskeli wakamkwepa, yeye hata hakuhama mguu. Kamera ilipojifunga, Rovena akatazama kioo cha nyuma cha kamera. Uwanja mzima ulikuwa umegeuka ukungu, na ndani ya ukungu ule mtu mmoja tu, mdogo, mweusi, aliyesimama wima chini ya ule weupe mkubwa. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kupata picha kama ile.

Hata hivyo alimfuata akiwa amekunja uso, maana ndivyo alivyozoea.

"Kaka, samahani. Umesimama ndani ya picha yangu."

Yule mtu akashtuka kama aliyeamshwa. Akamtazama Rovena, akaitazama ile stendi. "Nilidhani wewe ni mpimaji wa barabara," alisema. "Nikajua nina muda. Wale hawana haraka."

Rovena hakutaka kucheka lakini alicheka. Yule mtu akafungua mfuko wake, ndani mna byrek, andazi la tabaka la mchicha, bado moto, akamkatia kipande kama fidia. Aliitwa Petrit. Walikwenda kunywa kahawa kwenye kibanda cha jirani, na huko akamweleza kwamba kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia.

"Nusu ya mji huu inacheka kwa meno yangu," alisema.

"Na ile nusu nyingine?"

"Bado inaona haya kufungua mdomo."

Rovena akamwonyesha ile picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Alitaka kumpendeza. Lakini Petrit alipoiona, mzaha ukamtoka usoni.

"Huyo ni mimi."

"Uso hauonekani. Hakuna atakayekujua."

"Mimi nitajijua. Tafadhali, dada, ifute. Sikusimama pale ili nipigwe picha."

Alisema kwa upole, bila kueleza zaidi. Rovena akaivuta kamera upande wake, akabonyeza vitufe viwili vitatu. "Nimeifuta," alisema.

Hakuifuta. Ulikuwa uongo mwepesi, wa kumwambia mtu usiyemjua na ambaye huenda usimwone tena. Hakujua kwamba kesho yake mtu huyo angempigia simu, kwa namba iliyokuwa kwenye kadi aliyomwachia mezani.

Petrit alipiga simu na kumuuliza kama wapimaji wa barabara hupumzika Jumapili. Wakaenda kutembea kando ya ziwa. Jumapili iliyofuata wakaenda tena, halafu wakaacha kungoja Jumapili. Jioni, watu wa mji wanapotoka kupunga hewa, nao walitoka, Petrit na skafu yake, Rovena na koti lake, wakizunguka mitaa ile ile na kusalimia watu wale wale. Petrit alikuwa na tabia ya kutazama midomo ya wapitao na kumnong'oneza Rovena yapi ni meno ya kweli na yapi yametoka mezani kwake. Rovena alicheka hadi akalazimika kushika ukuta.

Mchana walipigiana simu bila sababu.

"Unafanya nini, roho yangu?"

"Nangoja kivuli kihame kwenye ukuta."

"Kikihama utanipigia?"

"Kikihama nitakipiga picha. Halafu nitakupigia wewe."

"Sasa nina wivu na kivuli."

Katika majuma hayo ya kwanza, Rovena alikuwa ameituma ile picha kwenye mashindano makubwa ya picha za majengo yaliyoandaliwa pale mjini. Alikuwa ameifanyia kazi kwa furaha, akiitia giza mbingu kidogo kidogo, akiung'arisha ubavu wa mnara mpaka ukawa kama mfupa. Yule mtu aliye chini hakumgusa. Alijiambia kwamba Petrit ataiona siku moja na kufurahi, na kwamba mtu anayemkaribisha byrek mgeni hawezi kukasirishwa na jambo dogo kama lile.

Kisha Petrit akamweleza kuhusu Altin.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi karibu na ziwa, jua likiwa bado juu. Altin alikuwa mdogo wake, fundi wa kufunga vioo. Alikuwa akifunga vioo vya mnara ule mweupe, huko juu kabisa, pale unapoanza kujipinda, akaanguka, akafa. Kampuni ikasema hakufunga mkanda wake. Wenzake wakasema siku ile mikanda haikutosha, halafu mmoja baada ya mwingine wakaacha kusema. Mnara ukaisha, ukazinduliwa kwa muziki, na jina la Altin halikutajwa popote.

"Kila Jumamosi nikienda kwa mama hupita pale kwanza," Petrit alisema. "Nasimama kidogo. Sijui namngoja nani. Mama haniulizi nimechelewa wapi, lakini anajua."

Rovena alimshika mkono. Maneno yalimfika hadi kooni: ile picha ninayo, sikuifuta, na nimeituma. Yalikuwa maneno machache tu. Alitazama maji, akatazama mkono wa Petrit ndani ya wake, akaona akisema sasa ataliharibu jambo ambalo Petrit amemkabidhi sasa hivi. Atasema kesho. Kwanza ataiondoa picha kwenye mashindano, halafu atasema, na jambo litakuwa limekwisha.

Hakuiondoa. Muda ulikuwepo wa kutosha. Alimwendea Kozeta, ambaye nyumba yake ya sanaa ilikuwa miongoni mwa waandaaji, akamsimulia yote, akitumaini kukatazwa. Kozeta akamwambia uso hauonekani, na kwamba picha ya namna ile haimjii mpigapicha mara mbili. Rovena alirudi nyumbani akiwa amepata alichokwenda kukitafuta, na akajichukia kwa hilo.

Picha ikashinda.

Petrit alisikia kwenye redio akiwa kazini. Akaja na keki iliyobanwa kwenye sanduku dogo, amekimbia njia nzima. Akamuuliza ni picha gani. Rovena akajibu kwamba ni mnara mmojawapo. Petrit hakuuliza zaidi. Yeye si mtu wa kuchunguza. Alimwinua juu, akamzungusha chumbani, na Rovena akafumba macho ili asionane naye.

Juma lile lile akampeleka kwa mama yake. Mama Liri alikuwa mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi nyeupe na sauti ya kukwaruza. Alimpikia nyama ya kondoo iliyookwa na mtindi, akamwekea kipande kikubwa kuliko cha mwanawe, akainua glasi ndogo ya raki, pombe kali ya zabibu, kuutakia heri ushindi wa mgeni wake. "Nyumba hii haijapata habari njema muda mrefu, mwanangu," alisema. Ukutani palikuwa na picha ya Altin, ya rangi, anacheka na ndevu zake za kwanza. Kila Rovena alipoinua uso kutoka kwenye sahani, kijana yule alikuwa akimtazama.

Kulikuwa na sharti moja katika mashindano ambalo Rovena alilisoma haraka haraka: mfadhili mkuu anaruhusiwa kuitumia picha ya mshindi katika matangazo yake. Mfadhili alikuwa kampuni iliyojenga mnara.

Walilitundika bango siku ya kazi, asubuhi. Lilifunika ubavu mzima wa jengo la jirani na mnara, ghorofa kadhaa kwa urefu. Mnara, mbingu nyeusi, ukungu, na Petrit chini yake, mkubwa sasa kuliko malori. Juu ya kichwa chake waliandika kwa herufi nyeupe: SIMAMA. UMEFIKA NYUMBANI.

Rovena aliliona akiwa anavuka barabara, akasimama katikati hadi magari yakampigia honi. Kabla hajafika ng'ambo, simu ikalia mfukoni.

"Uko wapi?" Petrit aliuliza.

"Niko hapa. Naliona."

Rovena alisikia mashine za kusugulia meno zikinguruma nyuma ya Petrit, halafu mlango ukafungwa.

"Mama alikuwa anatoka duka la dawa," alisema. "Amenipigia. Ameniuliza kwa nini nimewapa picha yangu watu wale." Alivuta pumzi. "Ulisema umeifuta."

"Petrit, nisikilize."

"Ulijua mimi ni nani? Siku ile ulinifuata kwa sababu ya picha?"

"Hapana. Naapa, sikujua chochote."

"Halafu ukajua."

Petrit alingoja kidogo, kama anayempa nafasi, kisha akakata simu. Hakupiga kelele hata kidogo. Rovena alitamani angepiga.

Siku zilizofuata alizunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Alikwenda ofisi za kampuni, akapokewa na bwana mmoja mpole mwenye tai ya buluu, akapewa kahawa, akaambiwa bango litakaa hadi baada ya sikukuu za mwaka mpya. Alipoeleza kwamba aliyemo kwenye picha hakuridhia, yule bwana akatabasamu na kusema uso hauonekani. Maneno yale yale. Rovena aliyasikia yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine na ndipo alipoyaelewa. Alimpigia Petrit mara nyingi. Simu iliita tu. Akaacha kupiga, maana hata kupiga aliona ni kumsumbua mtu ambaye yeye ndiye amemkosea.

Mwishowe akaenda kwa Mama Liri. Alipanda ngazi hadi mlangoni akiwa amejiandaa kufukuzwa. Mama Liri alifungua, akamtazama kutoka viatu hadi nywele, akamwambia aingie kabla baridi haijaingia.

Rovena alisema yote akiwa amesimama, koti bado mwilini. Kwamba aliambiwa aifute akadanganya. Kwamba aliposimuliwa kuhusu Altin bado alikuwa na muda, akanyamaza kwa sababu aliipenda picha. Hakujitetea. Kisha akasema atatafuta wakili, atafanya kila njia bango lile lishushwe.

"Kaa kwanza," Mama Liri alisema. Akakaa naye, akayakung'uta makombo ya mkate kwenye kitambaa cha meza. "Nilipoliona nilidhani ni Altin. Wanasimama namna moja, uzito wote mguu wa kushoto, tangu wadogo. Nilishika ukuta. Halafu nikaona skafu niliyomfumia Petrit."

"Nisamehe, mama."

"Usiharakishe. Ulimdanganya mwanangu, hilo mtamalizana wenyewe. Mimi nakuambia langu." Sauti yake ilizidi kukwaruza. "Watu wale walimwosha mwanangu kwenye lile jengo kama doa. Sasa wamemtundika ndugu yake mbele ya mji mzima, anamlilia, nao hawajui. Kwa nini nitake lishushwe? Kinachoniuma ni yale maandishi. Watu wanapita wanadhani anatafuta nyumba ya kununua. Wewe ndiye uliyeipiga. Waambie anatazama nini."

Rovena akauliza kwa sauti ndogo kama Petrit anajua ombi hili la mama yake. Mama Liri akajibu kwamba Altin ni mwanawe yeye, na jina lake anaruhusiwa kulitaja.

Sherehe ya kukabidhi zawadi ilifanyika ukumbi wa chini wa mnara wenyewe, alasiri, jua la baridi likiingia kwenye vioo. Wanawake walivaa magauni ya hariri, wanaume suti nyembamba. Wahudumu walipitisha mvinyo. Kozeta alimrekebisha Rovena kola na kumwambia atabasamu. Karibu na mlango, katika koti lake la sikukuu, mkoba kaushika kwa mikono miwili, alisimama Mama Liri. Hakukubali kiti. Petrit hakuwepo, hakuwahi kuingia jengo lile, na Rovena hakumtarajia.

Alipoitwa, alipanda jukwaani. Alishukuru kwa sentensi moja. Halafu akasema kwamba mtu aliye kwenye picha hamtaji jina, kwa sababu mtu huyo alimwomba aifute naye akamdanganya kwamba ameifuta, na kosa hilo ni lake peke yake. Ila atasema mtu huyo alikuwa anatazama nini.

"Anatazama mahali alipoanguka mdogo wake, akifunga vioo vya jengo hili. Aliitwa Altin Zeneli. Mama yake yuko pale mlangoni."

Watu wakageuka. Mama Liri hakuinamisha kichwa. Kipaza sauti kikazimwa, yule bwana wa tai ya buluu akapanda jukwaani akicheka bila kucheka, na muziki ukaanza mapema kuliko ilivyopangwa. Lakini waandishi wawili wa habari walikuwa wamekwisha kumfikia Mama Liri, na nyuma yao alisimama mwanamume mmoja mnene aliyevua kofia. Alikuwa ndani ya ukumbi kurekebisha taa, na aliwahi kufanya kazi na Altin. Alisema yuko tayari kusimulia habari za mikanda.

Kesho yake bango likashushwa na kampuni yenyewe. Waandaaji wakamtaka Rovena arudishe zawadi, naye akairudisha bila kuulizwa mara ya pili. Kozeta hakumpigia Rovena simu majuma kadhaa. Kesi ya Altin iliyokuwa imelazwa ikafunguliwa tena. Ingechukua muda mrefu, kila mtu alijua, lakini ilifunguliwa. Watu walimsimamisha Rovena mitaani na kumwita jasiri, na kila walipomwita hivyo aliona aibu, akitaka kuwaambia kwamba jasiri angesema kwenye benchi lile karibu na ziwa, alipokuwa amemshika Petrit mkono.

Aliacha kupiga picha. Majengo aliyapita bila kuinua macho.

Theluji ilikuwa imeshaonekana juu ya mlima Dajti siku Petrit alipogonga mlango wa chumba chake cha kazi. Hakuwa na skafu. Alikuwa amekonda, na ndevu hazikunyolewa vizuri.

"Sijawahi kuiona bila maandishi," alisema. "Nionyeshe."

Rovena akaitoa nakala kubwa kwenye droo, akailaza mezani, akaenda kusimama mbali, karibu na dirisha. Petrit aliinama juu yake.

"Ni nzuri," alisema. "Hilo ndilo linaloniudhi. Ingekuwa mbaya ningekuwa nimeshasahau." Kisha, bila kugeuka: "Ulikula kwa mama yangu. Ulinywa raki yake ukijua."

"Ndiyo."

"Nilikuletea keki."

"Ndiyo." Rovena alikuwa akilia, lakini alijizuia sauti isitoke, maana hakutaka kilio kimwombee. "Umekuja kuniambia tuachane? Sema tu. Sitakulaumu."

"Nimejaribu hilo. Miezi miwili nimelijaribu." Petrit akageuka. "Sijakusamehe, Rovena. Nisikudanganye. Lakini nimechoka kukukasirikia nikiwa peke yangu. Nataka nikukasirikie ukiwa karibu."

Rovena akacheka na kulia kwa pamoja, akafunika uso kwa mikono. Petrit hakumkumbatia. Alichukua koti lake refu jeusi kwenye msumari, akalishika wazi ili alivae, jinsi alivyokuwa akifanya zamani.

Wakatoka. Ilikuwa saa ya watu kupunga hewa, na mitaa imejaa. Petrit alianza kumwambia yote yaliyomuuma, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida, huku akiitikia salamu za wapitao, na Rovena akayasikiliza bila kukatiza na kuyajibu bila kupunguza. Walipofika mwisho wa barabara, pale wanapogeukia kila siku kurudi nyumbani, Petrit alikuwa bado hajamaliza. Akasita kidogo, akampa mkono wake aushike, wakazunguka tena.